Windows 10 imeachwa, kompyuta yako ya zamani ifanyweje?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Lakini tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo huo, kwa asiyejiandikisha kwenye nyongeza ya muda halizibwi tena.

Wanaotuletea kompyuta mpakato kwenye kitengo chetu cha TEHAMA huuliza kama tunaweza kuwawekea Windows 11. Mashine nyingi za mtumba hazikubali. Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida kichakataji cha kizazi cha 8 na kuendelea.

Kwa hizo zilizokataliwa, mimi hushauri Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leseni yake humruhusu yeyote kuusoma msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kuurekebisha na kuugawa. Anayegawa toleo alilolibadilisha naye hutakiwa kutoa msimbo wake. Msimbo wa Windows umefungwa: ukilipa, umenunua ruhusa ya kutumia tu. Ila programu huria, yaani yenye msimbo wazi, si lazima iwe bure. Kampuni ya Red Hat inaendesha biashara kubwa kwa kuuza huduma za Linux. (Apple nayo imeuweka wazi msimbo wa Darwin, kiini cha macOS, mfumo wa kompyuta zake, huku macOS yenyewe ikiruhusiwa kwenye mashine za Apple peke yake.)

Faida ya msimbo wazi tumeshaionja wenyewe. Mwaka 2004, mwaka uleule ilipotoka Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye jina ambalo Mswahili hulisikia mara moja kuwa ni utu, wataalamu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakumsubiri mwenye kampuni aamue kama lugha yetu ina soko.

Hata hivyo siwahimizi wote wahame. Kama riziki yako inategemea Photoshop, au programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows tu, baki huko na ulipie leseni. LibreOffice, programu huria za ofisi, hufungua mafaili ya Word, lakini jedwali lenye mapambo mengi linaweza kuhama mahali pake. Anayeandika barua, kuperuzi intaneti na kutazama video hatakosa kitu. Linux Mint, toleo jingine la Linux, ikiwa na mwonekano mwepesi wa Xfce huenda hata kwenye RAM ya GB 2, japo 4 ndiyo raha.

Ninachokikataa kabisa ni Windows ya kukraki. Kile kiprogramu cha kuvunja leseni mara nyingi hukuagiza kwanza uzime kinga ya virusi. Mgeni anayekuomba ufungue komeo kabla hajajitambulisha, wewe ungemkaribisha?

Ukitaka kujaribu Linux, iwekwe kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka humo bila kugusa diski. Pima Wi-Fi, sauti na printa yako. Ukiridhika, toa nakala ya mafaili yako yote ndipo usakinishe, kwa sababu mojawapo ya maswali utakayoulizwa ni kama diski nzima ifutwe, na wapo waliobonyeza ndiyo wakidhani ni salamu.