Beringi inayovuma haiponi kwa grisi

Beringi ya gurudumu la gari ikivuma, kijiweni kwa mafundi Ilala, Dar es Salaam, utaambiwa, "Fungua, paka grisi, sauti itaisha." Kwa magari ya zamani yenye beringi za koni ushauri huo ulikuwa na msingi: zilifunguliwa, zikasafishwa, zikajazwa grisi upya. Lakini magari mengi ya michezo ya sasa, zikiwemo Subaru Impreza zinazounguruma mjini kila wikiendi, yana beringi zilizofungwa kiwandani na grisi yake ndani. Ikianza kuvuma, mara nyingi gololi au njia zake zimeshachimbika. Chuma kilicholika hakirudi. Maji ya mafuriko, kama yale ya Jangwani, yakipenya sili (kizibo cha pembeni mwa beringi) huharakisha kifo chake.

Kabla ya kununua beringi mpya, hakikisha si tairi. Mvumo wa tairi hubadilika na aina ya lami. Wa beringi hufuata mwendo, na mara nyingi hubadilika ukikata kona. Ukikata kushoto ukaongezeka, shuku ya kulia, kwa kuwa uzito umehamia huko.

Na beringi ya kushindiliwa, yaani inayoingia kwa kubana kwenye nafasi yake, iingizwe kwa mashine ya presi. Nyundo (mafundi wangu, mnisamehe) huiumiza mpya kabla haijatembea hata kilomita moja.