"Paroko Ameshaamua, Sisi Tuchangie Tu": Dhana Potofu Kuhusu Maamuzi ya Waamini

Katika semina za viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo (makundi ya kaya jirani za Kikatoliki ndani ya parokia) ninazoziendesha, ni nadra tufike mapumziko ya chai kabla mwenyekiti mmoja hajasimama na kusema kwamba halmashauri ya walei (halmashauri ya parokia inayomshauri Paroko) haina kazi, kwa kuwa Paroko, padre anayeiongoza parokia, ndiye mwenye neno la mwisho na waamini wajibu wao ni kuchangia. Wenzake huitikia kwa vichwa. Dhana hii nimeichoka, kwa sababu inawafanya watu wazima, wenye ujuzi na uzoefu wa kutosha, waende vikaoni kupokea viwango vya michango na kurudi navyo nyumbani.

Ni kweli kwamba kanuni ya 536 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaipa halmashauri ya parokia kura ya ushauri tu. Wanaonukuu kanuni hiyo, hata hivyo, huishia hapo. Kanuni ya 212 inasema kwamba waamini, kwa kadiri ya elimu, ujuzi na nafasi yao, wana haki, na mara nyingine wana wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mambo yanayohusu manufaa ya Kanisa. Kanuni ya 127 inakwenda mbali zaidi: pale sheria inapomtaka mkubwa, yaani kiongozi mwenye mamlaka katika Kanisa, aombe ushauri kwanza, akitenda bila kuuomba tendo lake ni batili, na ingawa halazimiki kuufuata, pasipo sababu nzito asiuache ushauri ambao washauri wake wamekubaliana. Kanuni hiyo haimbani Paroko katika kila ajenda ya halmashauri, lakini inaonyesha uzito ambao Kanisa linaupa ushauri. Askofu mwenyewe haruhusiwi kuanzisha wala kufuta parokia kabla ya kulisikiliza baraza la mapadre. Hati ya mwisho ya Sinodi ya Maaskofu, mkutano wa Kanisa zima, iliyopitishwa Roma mwezi Oktoba 2024, imependekeza hata maneno hayo ya "kura ya ushauri tu" yaangaliwe upya.

Hata upande wa michango, ambako wengi wanadhani hawana la kusema, sheria iko wazi. Kila parokia inapaswa kuwa na kamati ya fedha. Sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu, na wasimamizi wa mali za Kanisa wawatolee waamini hesabu ya vile walivyovitoa, kwa taratibu za jimbo. Aliyechangia bati za kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, ana haki ya kuuliza bati ziko wapi, na kuuliza kwa adabu si uasi.

Ninapoomba kuliona daftari la jumuiya, kwa kawaida nakuta majina ya kaya, zaka, mchango wa ujenzi, rambirambi, na zamu za nyumba za kusalia. Ukurasa wenye maoni ya wanajumuiya juu ya ajenda ya parokia ni nadra kuuona. Mjumbe wa jumuiya yenye daftari la namna hiyo akifika kwenye halmashauri hana cha kusema isipokuwa mawazo yake binafsi, na Paroko hawezi kulaumiwa kwa kutosikia kile ambacho hakuna aliyekileta. Ndiyo maana nasisitiza, hata ikiwachosha watu, kwamba ajenda ziteremshwe kwenye jumuiya wiki mbili kabla ya kikao, zijadiliwe baada ya kushirikishana Injili, hoja ziandikwe pamoja na sababu zake, na mjumbe arudi na jibu. Ajenda inayoibuka kwenye "mengineyo" isiamuliwe siku hiyohiyo.

Wengine husema jumuiya ni kikundi cha sala cha wanaopenda, sawa na chama cha kitume. Maaskofu wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1976, waliifanya jumuiya ndogo kuwa msingi wa uchungaji katika Afrika Mashariki, na kila Mkatoliki anayeishi katika eneo lake ni wa jumuiya hiyo, apende kusali rozari na majirani au asipende. Kwamba mwenyekiti lazima awe mwanamume ni mazoea tu. Hakuna kanuni inayosema hivyo, na wanaojaza mikutano hiyo ni akina mama.

Wapo pia wanaoona kwamba wengi wakishanyoosha mikono mjadala umekwisha. Kura ina nafasi yake, hasa katika uchaguzi wa viongozi, lakini jambo linalogusa kaya zote, kama kiwango cha mchango, lisiamuliwe kabla ya kuwasikiliza wanyonge: mjane asiyemudu kiwango hicho huwa kimya siku ya kura, na mwezi unaofuata haonekani tena jumuiyani.

Kuhusu watawa, husemwa kwamba nadhiri ya utii imewaondolea sauti. Kanuni ya 627 inawataka wakuu wa mashirika wawe na washauri wao, na kwa mambo fulani hawawezi kutenda bila ridhaa ya washauri hao. Kanuni ya 631 inamruhusu mtawa yeyote, kwa utaratibu wa shirika lake, kupeleka mapendekezo yake kwenye mkutano mkuu, ambao ndio wenye mamlaka ya juu kwa mujibu wa katiba ya shirika. Masista vijana wafundishwe kanuni hizo wakiwa bado katika malezi, na waonyeshwe jinsi ya kuandika pendekezo lenye hoja.