Usaha si damu chafu

Juzi hapa Tanga mtoto wa jirani alichomwa na mwiba kisigino. Siku ya tatu kikatunga usaha, na bibi yake akatoa hukumu: "Kamueni itoke, damu chafu hiyo." Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, lakini si kweli.

Usaha ni mabaki ya vita: seli nyeupe zilizokufa, bakteria na majimaji. Seli hizo, nyingi zikiwa nutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe), zilikuwa zikipita zao kwenye damu. Nyama iliyojeruhiwa ikatoa kemikali za kuziita. Kuta za mishipa midogo zikaanza kunata, seli zikang'ang'ania, zikajipenyeza nje na kufuata kemikali hizo kule zilikozidi, kama nzi na harufu ya ngisi aliyeanikwa.

Mwanasayansi Mrusi Ilya Mechnikov alilichungulia jambo hili mwaka 1882 kule Messina, Italia, kwa kiumbe ambaye sisi wa pwani tunamkanyaga tu: kiti cha pweza. Alichoma miiba ya mwaridi kwenye vichanga vyake, ambavyo mwili wao huonyesha hadi ndani. Asubuhi akakuta seli zimeuzingira mwiba. Akasema seli ndizo zinazoukinga mwili, akabishana miaka na walioshikilia kwamba kinga iko kwenye majimaji ya damu. Mwaka 1908 akagawana tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich, wa kambi hiyo ya majimaji! (Wote walikuwa na haki yao.)

Kukamua, bibi anisamehe, huweza kusukuma bakteria ndani zaidi. Mwiba ulitolewa zahanati: mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele.