Je, wajua kwa nini orodha yako hurudi namba 1 ukiongeza aya ya pili?

Katibu wa kikundi anachapa muhtasari wa kikao kwenye Word, programu ya kuandikia ya Microsoft. Amefika hoja ya 3, michango ya mwezi, na hoja yenyewe ina mambo: kwanza waliolipa na wasiolipa, kisha yale malumbano ya faini yaliyochukua nusu saa. Malumbano yanastahili aya yake. Anabonyeza Enter, Word inamletea namba 4. Hakuiomba. Anabonyeza Enter tena, namba inatoweka, ila kielekezi nacho kimekimbilia ukingoni kushoto. Anasema yaishe, anaandika aya yake hukohuko ukingoni, halafu anabofya kitufe cha namba ili aendelee na hoja ya 4. Inatokea 1.

Hapo ndipo wengi huzima namba za kompyuta na kuanza kuziandika wenyewe, 4, nukta, nafasi. Inakaa vizuri mpaka siku mwenyekiti aseme, "Katibu, umesahau hoja ya mradi wa kuku, iweke baada ya ya pili." Namba zote za chini zinabadilishwa moja moja, na ile sentensi ya ukurasa wa tatu inayosema "rejea hoja ya 6" inabaki ikielekeza pasipo.

Sababu ya vituko hivi ni kwamba, kwa Word, orodha kama kitu kizima haipo. Wewe unaiona kwenye kioo, lakini ndani ya faili kuna aya tu, moja baada ya nyingine, na baadhi yake zimepewa alama ya kusema "mimi ni wa kuhesabiwa".

Unaweza kulishuhudia mwenyewe. Chukua nakala ya faili lako (nakala, si faili halisi), badilisha mwisho wa jina kutoka .docx uwe .zip, kisha lifungue. Faili la docx, aina iliyoingia na Word 2007, ni furushi la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja. Ingia folda iitwayo word, fungua document.xml. Utaona kila aya inaanza na w:p, na zile zenye namba zimebeba kijisehemu kama hiki:

<w:numId w:val="3"/>

Ile 3 si namba ya hoja. Ni kitambulisho cha orodha ambayo aya hiyo ni mwanachama wake. Ukitafuta "hoja ya 4" imeandikwa wapi, hutaiona popote. Word huhesabu upya kila inapokuonyesha ukurasa: aya ya kwanza yenye kitambulisho hiki, ya pili, ya tatu.

Fikiria sare za harusi. Watu wa upande wa bibi harusi wameshona kitenge kimoja, nawe umetumwa kuwahesabu ukumbini. Huhitaji wakae meza moja. Unapita ukihesabu kitenge, na asiye nacho akisimama katikati yao unamruka, hesabu inaendelea. Ndivyo Word inavyofanya. Kwa hiyo aya isiyo na namba inaweza kukaa kati ya hoja ya 3 na ya 4 bila kuvuruga chochote. Shida huja pale unapobofya kitufe cha namba baada ya kutoka kwenye orodha: mara nyingi Word haikurudishii kitenge kile, inakukatia kipya. Kwa macho ni kilekile, lakini kitambulisho ni kingine, na hesabu yake inaanzia 1.

Enter nayo haimaanishi "nenda mstari wa chini". Hiyo ni tabia tuliyorithi kwa taipureta. Kwenye Word, Enter hufunga aya na kufungua nyingine, na aya mpya hurithi mavazi yote ya iliyotangulia, kitenge kikiwemo. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja, utaona mwisho wa kila aya kuna alama ¶. Alama hiyo ndiyo inayobeba umbo la aya: nafasi ya juu na chini, umbali kutoka ukingoni, namba. Wazo la umbo kuwa mali ya aya ni la zamani kuliko Word. Charles Simonyi, aliyeijenga Word ya kwanza ya 1983 pamoja na Richard Brodie, alitokea maabara ya Xerox PARC, ambako miaka ya 70 yeye na Butler Lampson walikuwa wametengeneza programu ya kuandikia iitwayo Bravo.

Sasa dawa. Umemaliza aya ya kwanza ya hoja ya 3, bonyeza Enter, namba 4 ije. Usibonyeze Enter ya pili. Bonyeza Backspace mara moja tu. Namba inaondoka, kielekezi kinabaki palepale chini ya maneno ya hoja ya 3. Andika aya yako. Ukimaliza, Enter, kisha kitufe cha namba. Ikija 4, shukuru. Ikija 1, bofya namba hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Continue Numbering"; hapo umeivisha aya kitenge cha wenzake.

Wako wanaopendelea Shift na Enter, ambayo huvunja mstari bila kufunga aya. Ni njia ya mkato, nami huitumia kwenye barua fupi. Lakini kumbuka kwamba kwa Word hapo bado ni aya ileile moja: nafasi uliyoiweka kati ya aya na aya haitatokea, na kama umenyoosha maandishi kingo zote mbili, mstari wa mwisho kabla ya kuvunja unaweza kuvutwa mpaka maneno yaachane kama meno ya mzee. Kwenye katiba ya kikundi au mkataba, usifanye hivyo.

Kwa waraka mrefu, njia ya heshima ni mtindo ambao Word imekuja nao, "List Continue". Kazi yake ni hii tu: aya isiyo na namba, iliyosogezwa ndani, inayoendeleza hoja ya juu yake. Huenda umbali wake usilingane na orodha yako. Urekebishe mtindo wenyewe mara moja, na aya zote zinazoutumia zitafuata. Nashangaa jinsi ulivyofichwa. Nimechapa miaka kabla ya kuujua.

Si kila programu imejengwa hivi. Lugha ya kurasa za wavuti, HTML, ina orodha ya kweli, kikapu chenye vikapu vidogo: ol ni kikapu kikubwa, kila li ni hoja, na ndani ya li moja unaweza kutia aya kumi ukipenda. LaTeX, mfumo wa kupangia maandishi unaopendwa na wanahisabati, uliotengenezwa na Leslie Lamport juu ya TeX ya Donald Knuth, ni hivyohivyo: unaandika \item, unaacha mstari mtupu, unaendelea na aya ya pili, na hoja haifungwi mpaka ije \item nyingine au orodha yenyewe ifike mwisho. Wanahisabati hawajui hata kwamba sisi wengine tuna tatizo.

Markdown, namna ya kuonyesha umbo la maandishi kwa alama za kawaida za kibodi, iko katikati. John Gruber alipoitoa mwaka 2004 aliweka sharti kwamba aya ya pili ya hoja isogezwe ndani kwa nafasi nne au tabo moja. Ukisahau nafasi hizo, aya inahesabika kuwa nje ya orodha. Siku hizi hili linawahusu hata wasiowahi kusikia jina Markdown, kwa sababu roboti za mazungumzo hutoa majibu yao kwa mtindo huo. Ukinakili jibu lenye orodha na kulibandika kwenye Word, ukakuta namba zimekuwa maandishi ya kawaida au kila hoja ni 1, mara nyingi chanzo ndicho hicho.

Na kama unanakili hoja kutoka waraka mmoja wa Word kwenda mwingine, angalia unachokikamata. Ukikokota kipanya mpaka ukaimeza na ile ¶ ya mwisho, umechukua maneno pamoja na kitenge, na hoja itaingia kwa wenyeji ikiwa na orodha yake ya ugenini. Ishia kwenye nukta, kabla ya ¶, nayo itavaa ya wenyeji.