Elementi za ardhi adimu na isotopi zake katika jiokemia

Elementi za ardhi adimu ni ukoo wa metali 15, kuanzia lanthani (namba 57) hadi luteti (namba 71). Wengi huongeza skandi na itri, zikawa 17. Uadimu wenyewe ni wa jina tu: seri imo katika ganda la Dunia kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Magazeti huziandika kwa sababu ya sumaku na simu, na huku kwetu kwa sababu ya hazina zake za Ngualla kule Songwe, Tanzania, au Mrima kule Kwale, Kenya. Mwanajiokemia, anayesoma miamba kwa kemia yake, anazitakia jambo jingine: zimwambie mwamba ulitokea wapi.

Zinaweza kwa sababu zinafanana mno. Karibu zote hubeba chaji ya +3, na kinachozitofautisha ni ukubwa: kutoka lanthani kwenda luteti, ioni (atomi zenye chaji) huzidi kusinyaa. Mwamba ukianza kuyeyuka, zile kubwa hukimbilia kwenye magma, ndogo hung'ang'ania ndani ya fuwele, hasa za madini ya ganeti. Kwa hiyo lava iliyopungukiwa zile ndogo humdokezea mpimaji kwamba iliyeyukia kina kirefu, mahali penye ganeti.

Mkaidi wao ni europi, na binafsi ndiyo inayonivutia zaidi. Oksijeni ikiwa haba hushika chaji ya +2, ikachukua nafasi ya kalisi ndani ya plajioklasi, madini mepesi yenye kalisi. Tangu sampuli za Apollo 11 zifike mwaka 1969, ilionekana kwamba lava za mabonde meusi ya Mwezi zimepungukiwa europi, ilhali miamba myeupe ya nyanda za juu imejaa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba Mwezi ulipokuwa mchanga ulifunikwa na bahari ya magma. Plajioklasi, kwa wepesi wake, ikaelea juu na europi yake, na lava zile zikaja baadaye kutoka kwenye mabaki ya chini.

Isotopi, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, huleta suala la wakati. Samari-147 huoza kuwa neodimi-143 polepole ajabu: nusu yake huisha kwa miaka bilioni 106. Neodimi, kubwa kidogo kuliko samari, iliingia zaidi katika magma iliyojenga mabara; samari ikawa kidogo ya kuzalisha neodimi-143, hivyo miamba mikongwe ya bara ina uwiano mdogo wa neodimi-143 kwa neodimi-144. Maji ya bahari hurithi uwiano huo. Atlantiki ya Kaskazini, jirani ya miamba ya kale ya Kanada na Greenland, ina uwiano mdogo. Pasifiki, iliyozungukwa na volkano changa, ina uwiano mkubwa. Meno ya samaki yaliyozikwa sakafuni huhifadhi uwiano wa maji ya zama zao, na kwa hayo hufuatiliwa mikondo ya mamilioni ya miaka iliyopita.