Umenunua gari la kasi lililotumika? Breki na mkanda wa taimingi kwanza, ekzosi baadaye

Malalamiko yanayotufikia kuhusu magari yaliyobadilishwa yameongezeka. Wakazi wanalalamikia ekzosi zinazolipuka usiku wa manane, na madereva wengine wanalalamikia magari yaliyoshushwa hadi tairi linasaga bodi kila linapopita kwenye tuta. Magari yenyewe mengi ni yale yale: Subaru Impreza WRX, Forester ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), Toyota Altezza, Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ. Ni magari mazuri, na kijana anayeyapenda hana kosa lolote. Kasoro tunayoiona ni mpangilio wa matumizi ya fedha. Mtu analipia gari, wiki inayofuata anakata ekzosi, anafunga springi fupi na rimu za inchi 18, wakati mafuta ya breki yaliyomo hajui yaliwekwa lini wala na nani.

Altezza ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005. Chaser ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2001. Kwa hiyo hata Altezza changa kabisa ni gari la miaka 20, na mpira wa sili na mabomba wa miaka 20 ni mpira wa miaka 20 hata kama mita inasoma kilomita 80,000. Kuhusu mita tusidanganyane: kurudishwa nyuma ni jambo la kawaida. Mwombe muuzaji nakala ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Magari mengi yaliyokuja miaka ya karibuni yana cheti kinachoonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa kule. Kama hana, lichukulie gari kwamba halijawahi kuhudumiwa, na panga bajeti kwa msingi huo.

Ushauri wetu wa kitaalamu ni huu: rudisha gari kwenye vipimo vya kiwanda, liendeshe, likaguliwe tena, ndipo mjadala wa kuongeza nguvu uanze. Nguvu mpya hupitia kwenye vifaa vile vile vilivyochoka.

Tuanze na breki, kwa sababu hapo ndipo watu wanapofia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kwa wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar unyevu haukosekani. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hicho kinaruhusu yachemke kwenye nyuzi 155. Gari zito lenye tabo, likishuka mteremko wa Kitonga nyuma ya malori huku dereva amekanyaga breki muda wote, joto hilo linalifikia. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke unaminyika, na pedeli inazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Mafuta mapya yana manjano hafifu. Yale tunayoyavuta kutoka magari haya mara nyingi ni meusi kama kahawa, na ukiacha kopo litulie unaona chini vumbi la mpira uliomeguka kutoka kwenye sili. Badilisha yote, magurudumu manne, si kuongezea tu kwenye chupa. Yabadilishe tena kila baada ya miaka miwili.

Fundi akiwa hapo hapo, atoe pini za kalipa (kifaa kinachobana diski), azisafishe na kuzipaka grisi inayohimili joto. Aikunje mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopeleka mafuta, kwa mkono na kuitazama kwa tochi: ikionyesha nyufa ndogo kwenye mkunjo, inabadilishwa yote, hakuna kubadilisha mmoja. Diski zipimwe unene kwa kifaa na kulinganishwa na unene wa chini uliochapwa kwenye diski yenyewe. Wengi wananunua kalipa kubwa za pistoni nne na kuziunga kwenye mipira ile ile ya zamani. Fedha hiyo imepotea.

Kisha mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni. Injini ya EJ20 ya tabo iliyomo kwenye Impreza na Forester ni ya aina ambayo valvu na pistoni hugongana mkanda ukikatika. Haikupi onyo. Inazimika ukiwa mwendoni, na unapoivuta gereji valvu zimeshapinda. Muda wa kawaida wa kuubadilisha kwa soko la Japani ni kilomita 100,000, lakini kwa gari la umri huu ambalo historia yake haijulikani, badilisha sasa. Na usibadilishe mkanda peke yake. Puli zake na tenshona (kikaza mkanda) huchakaa pamoja nao, na katika injini hii wota pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Beringi ya wota pampu ikikwama, mkanda mpya unakwenda na maji. Kazi ya kufungua ni moja, kwa hiyo nunua seti nzima. Kuhusu spea za bandia zenye boksi linalofanana na la asili, duka linalokataa kukuandikia risiti yenye jina la kifaa limeshakujibu.

Suala la upoozaji tumelieleza mara nyingi na bado linarudi. Kutoa temostati hakupoozi gari. Tunarudia: hakupoozi gari. Temostati hufunguka injini inapokaribia nyuzi 80, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Ukiitoa, kompyuta inadhani injini bado ni baridi, inamwaga petroli zaidi, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Gari linakula mafuta, ringi zinachakaa, na lile joto lililokusumbua Morogoro Road saa kumi na moja jioni linakuwa palepale, kwa sababu chanzo chake ni rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au gasketi ya silinda hedi inayovuja. Fundi anayetoa temostati hajatibu ugonjwa, ameficha dalili.

Vivyo hivyo maji ya bomba au ya kisima. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi hula alumini. Osha mfumo, weka kulanti sahihi iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na nunua mfuniko mpya wa rejeta. Mfuniko huo unadharauliwa sana, lakini ndio unaoshikilia shinikizo la takriban bari 1 linalofanya maji yachemke karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi yake ikilegea, gari linachemsha hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Oili ya injini na filta zibadilishwe siku unayolichukua gari. Usitupe filta ya zamani. Ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani: ukiona chembe zinazong'aa, beringi za injini zimeanza kuliwa na mazungumzo ya kuongeza nguvu yaishie hapo. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwenye baadhi ya injini za Subaru zenye valvu za taimingi badilifu, ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo kuna kichujio kidogo cha wavu. Ni kidogo kiasi kwamba mafundi wengi hawajui kama kipo. Mabaki ya oili iliyoungua yakikiziba, tabo inakosa oili na kufa, mwenye gari ananunua nyingine, nayo inakufa kwa sababu ile ile. Mwambie fundi akufungulie ukione kwa macho yako.

Baada ya hapo pima mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa ya moto na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Namba moja moja haitoshi, linganisha zote. Silinda moja ikipungua kuliko wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, itafutwe sababu. Ekzosi kubwa haitibu injini iliyopoteza mgandamizo, na kuandika upya programu ya kompyuta yake ni kuiharakishia kifo. Kumbuka pia kwamba magari ya tabo yaliyouzwa ndani ya Japani yalipangwa kutumia petroli yao ya premia, ambayo kwa kawaida ina oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituoni kwetu iko chini ya hapo. Anayekupandishia shinikizo la tabo bila kukuuliza unajaza mafuta gani, na bila kusikiliza kama injini inagonga, hafai kugusa gari lako.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi la hivyo halifai kwenye gari la kasi hata kama lina meno. Bushi, boljointi na shokapu zikaguliwe kabla ya springi fupi kununuliwa.

Lipo jambo moja ambalo karibu hakuna anayelileta mwenyewe. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yalifungwa mifuko ya hewa ya Takata. Kemikali ndani ya kifaa chake cha kujaza upepo, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko unapofunguka kifaa hicho kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa namna hiyo katika nchi kadhaa, takriban vifaa milioni 100 viliitwa virudishwe duniani, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndio hali ya hewa ya pwani yetu. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa urejeshaji wa mtengenezaji, kisha wasiliana na wakala wake rasmi. Usimwache fundi wa mtaani afungue mfuko huo, na usiung'oe ili ufunge usukani wa mashindano.

Sasa taratibu. Kabla hujalipa, ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa Polisi wa kuangalia madeni ya faini, na uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Ukishanunua, hamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Utahitaji mkataba wa mauziano, kadi halisi ya gari, na TIN (namba ya mlipa kodi) ya muuzaji na ya mnunuzi. Gharama tunazozifahamu ni ada ya uhamisho shilingi 50,000, kadi mpya shilingi 10,000, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Viwango vinaweza kubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo thibitisha kabla ya kulipa. Gari linaloendelea kusoma jina la mtu mwingine litakusumbua siku ya ajali, siku ya wizi na siku ya kuliuza.

Kadi ya gari inabeba rangi, namba ya injini, ujazo wa injini na aina ya bodi. Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, peleka TRA ombi la kubadilisha taarifa. Kwa injini iliyobadilishwa, hifadhi nyaraka zinazoonyesha ilikotoka na namba yake. Kisingizio kwamba injini ni ile ile ila imetoka kwenye gari jingine hakisaidii. Namba zikigongana na kadi, swali la kwanza litakuwa la wizi, na gari linaweza kubaki kituoni hadi lijibiwe.

Kwa makosa ya barabarani, faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa, si kwa gari. Tairi zilizoisha ni kosa, taa isiyowaka ni kosa, ekzosi yenye kelele ni kosa. Askari anaweza pia kuzuia gari bovu lisiendelee na safari hadi litengenezwe, au kulifikisha shauri mahakamani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kelele zina kanuni zake pia, zile za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kwa hiyo hoja kwamba barabara ilikuwa tupu haina uzito, maana waliolala majumbani hawakuwa barabarani.

Bima nayo inasahaulika. Bima ndogo, ambayo kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT, inalipa madhara kwa wengine na si gari lako. Mwenye bima kubwa ana wajibu wa kuieleza kampuni ya bima mabadiliko yoyote yanayoongeza hatari: tabo kubwa, kompyuta iliyoandikwa upya, gari lililoshushwa. Ieleze kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi, maana kuficha kunaipa sababu ya kukataa dai, na ushahidi wa mdomo kwamba wakala alilijua gari lako hautoshi.

Vifaa vya asili utakavyovitoa, yaani springi, ekzosi pamoja na masega yake (kifaa cha kusafisha moshi) na kompyuta, visiuzwe. Viandikwe namba ya chesisi, vifungwe na kuhifadhiwa mahali pakavu. Gari likiamriwa kurudishwa lilivyokuwa, au mnunuzi anayefuata akilitaka la asili, spea za Altezza na Chaser za hali nzuri zinazidi kuadimika, na utazitafuta kwa bei ya aliyenazo.