Staji ya vijijini: mwanafunzi wa afya ajifunze kuuliza kabla ya kuagiza

Mwanafunzi wa uuguzi aliyelelewa Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo (RDC), anaweza kumaliza masomo akizijua barabara dalili za bwaki (utapiamlo mkali wa watoto), yaani miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka rangi, asijue ni nani katika familia anayeamua mtoto apelekwe hospitali lini. Mara nyingi mwenye kauli si mama aliyembeba mtoto, bali ni mama mkwe, au mume aliye mbali kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa sababu hiyo tunatetea staji, yaani mafunzo ya vitendo, katika vituo vya afya vya mbali, kama vile vya Idjwi na Shabunda mkoani Kivu Kusini, tena staji ndefu, ili mwanafunzi apate kuzoeana na wakazi.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Kisiwani Idjwi, bibi anayejua Kihavu tu akiulizwa kwa Kiswahili huweza kuitikia "ndiyo" kwa heshima, na mwanafunzi akaandika kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa) jibu ambalo hakupewa. Akimwita mtoto wa mgonjwa atafsiri, anazidi kuharibu, kwani ni mama gani atakayeeleza habari za damu ya uzazi mbele ya mwanawe? Afadhali atafute reko (mhudumu wa afya wa jamii) wa kike, wakubaliane maswali pembeni, kisha wakati wa mazungumzo amtazame mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1978, daktari Arthur Kleinman wa Marekani na wenzake walipendekeza mgonjwa aulizwe anadhani ugonjwa wake umetokana na nini, na ni kitu gani anachokiogopa zaidi. Swali hilo la pili lina uzito mkubwa kwetu, maana wengi wanaogopa kuzuiliwa hospitalini hadi deni lilipwe kuliko wanavyoogopa ugonjwa.

Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliofika hata Mwenga na kuua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa nchi, ulionyesha gharama ya kutouliza: mazishi yaliyofanywa bila ndugu kushirikishwa yalizusha hasira, na familia nyingine zikaficha wagonjwa.

Hata hivyo, kumpeleka mwanafunzi mbali hakutoshi. Asipokuwa na msimamizi wa kujadiliana naye, hurudi na dharau ileile aliyoondoka nayo, au na orodha ya "desturi za Warega", kabila la Shabunda na Mwenga, kana kwamba Warega wote ni mtu mmoja. Kwa maoni yangu, muuguzi mkuu wa kituo na kamati ya afya ya kijiji wanapaswa kuwa na sauti katika alama zake, na chuo kilipie chakula na malazi yake, badala ya kumwachia mzigo huo muuguzi anayempokea.